Rundo la Mawe la Gudveig

Mji wetu umebanwa kati ya fjordi, ule mkono mwembamba wa bahari, na milima, na kila Agosti hufurika wanafunzi. Hujirusha kwenye maji ya baridi mpaka midomo inageuka zambarau, huchuma tufaha zangu bila hodi, kisha hutaka kupanda mlimani na viatu vya kuchezea dansi. Mimi nilikuwa nikiwanung'unikia kwa sababu ya tufaha. Jirani yangu Gudveig, mwalimu mstaafu, aliwachukia kwa sababu ya mawe.

Kule juu njia huonyeshwa kwa marundo ya mawe. Ukungu ukishuka, unafuata rundo hadi rundo mpaka unafika. Wanafunzi nao hujijengea yao ili wapige picha. Gudveig ndiye aliyejitolea kuitunza njia ile miaka nenda rudi, na kila rundo la uongo alilolikuta alilisambaratisha kwa teke.

"Nyie watoto mtaua watu!" aliwafokea siku moja mbele ya duka. "Mkitaka kujenga, jengeni nyumba!"

"Usijali, bibi," alijibu Sondre, kiongozi wa chama chao cha matembezi. "Mwaka huu tunaanza ghorofa."

Nilicheka. Gudveig alinikata jicho hilo!

Lakini Gudveig naye alikuwa na lake. Alikijua kinamasi chenye multe, yale matunda ya dhahabu yanayoota juu mlimani, na kwetu sisi mtu hamwonyeshi hata ndugu yake multe zake zilipo, asije akatanguliwa kuzichuma. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Basi kiangazi kile, mahali pa kuiacha njia, alipanga rundo dogo la mawe asije akapapoteza. La kwake peke yake, alijiambia.

Wiki ya kwanza ya masomo ukungu ukashuka ghafla. Msichana mgeni, Ragna, aliliona rundo lile akalifuata. Akavuka kinamasi, akaporomoka gengeni. Helikopta ilimtoa akiwa amevunjika mguu.

"Nilifuata mawe," aliwaambia waokoaji.

Mji mzima ukamgeukia Sondre. Alikuwa amejenga marundo kadhaa huko juu, na maskini akaamini kweli kwamba lile lilikuwa lake. Dukani watu walimpisha kama mgonjwa wa upele. Mimi nilimwambia usoni kwamba aone haya. Naona haya mimi sasa, ninapoyaandika haya.

Gudveig alijua tangu siku ya kwanza. Asubuhi yake alipanda, akalibomoa rundo na kuyatawanya mawe. Akaacha kuja kwangu kunywa kahawa. Nilidhani ni hasira zake za kawaida.

Mwisho wa mwezi tukakutana ukumbini kuamua kama wanafunzi waendelee kutumia kibanda cha mlimani. Ragna alikuja na magongo. Sondre alisimama mbele yake, machozi yakimtiririka, hata hakuyafuta.

"Nimekuvunja mguu kwa ajili ya picha," alisema. "Sijui nikuombeje radhi."

"Radhi tumeisikia," alisema Oddvar, mwenyekiti wetu. "Funguo za kibanda."

Kijana akaziweka mezani. Baadhi yetu tulipiga makofi, Mungu atusamehe. Hapo Gudveig akainuka, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Chukua funguo zako, mwanangu," alisema. "Lile rundo ni langu mimi."

"Wee Gudveig, acha utani," alisema Oddvar.

"Ningefurahi kama ungekuwa utani."

Akaeleza yote: multe, macho, rundo, na jinsi alivyokwenda kulibomoa. Sauti ilikuwa ya yule mwalimu tuliyemzoea, ila shingo ilikuwa imemwiva kwa aibu. Mimi nilitazama viatu vyangu, maana nilikuwa mstari mmoja na Gudveig na sikutaka macho yetu yakutane.

Ragna hakupandisha sauti.

"Mama, siku zote hizi ulimwona Sondre anavyotukanwa. Mbona hukusema?"

Angeweza kusema aliogopa. Tungemwelewa, na wengine tungemhurumia. Lakini alikuwa amechoka kudanganya.

"Matunda yalikuwa hayajaiva," alisema. "Nimemaliza kuyachuma jana."