Drahomíra na Fundi wa Mkono wa Kushoto

Saa mbili asubuhi, wenzake hawajafika kazini, Drahomíra Lejsková anageuza chombo cha maua kichwa chini na kukipapasa kitakoni kwa kidole gumba. Anakirudisha juu ya kitambaa, anarudi nyuma kidogo na kukitazama kwa mbali, kama mtu aliyekutana na mbwa asiyemjua.

Ni chombo cha kijani, chenye kiuno chembamba, na kinang'aa kwa rangi za mafuta yaliyomwagika majini. Nyuzi za kioo zimekizunguka kutoka mdomoni hadi chini. Picha yake ndiyo iliyopamba jalada la kitabu cha mnada wa Jumamosi, na chini ya picha pameandikwa: Kiwanda cha Rautenkranz, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliyeandika maneno hayo ni yeye.

"Tangu Jumapili sijalala," anasema. "Hata supu haishuki. Mume wangu anadhani naumwa."

Drahomíra, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ni mfanyakazi wa nyumba ya mnada hapa Kamenický Šenov, mji wa viwanda vya vioo. Kazi yake ni kutambua vioo vya zamani vimetengenezwa na nani. Vingi havina sahihi. Viwanda vya mabonde haya viliibiana mitindo bila haya. Rangi ikipendwa Vienna leo, kesho kila tanuri linaitoa. Ndiyo maana watu humletea urithi wa bibi zao wakiwa na swali moja tu: hiki ni cha nani?

Jibu lake ndilo linaloamua kila kitu. Chombo kisicho na jina hununuliwa na mtu anayetaka pa kuwekea matawi ya Krismasi. Kikipata jina, wanunuzi hufunga safari kutoka Munich. Yeye mwenyewe hulipwa koruna elfu thelathini na moja kwa mwezi, na bado ana deni la paa.

Akipokea chombo, haanzi na rangi. "Rangi ni kama mchumba, inakuonyesha inachotaka ukione," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Mimi naanzia kitakoni."

Huko chini, mahali kioo kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma, hubaki kovu. Kuna viwanda vilivyolisugua hadi likawa laini kama sarafu, na vingine vililiacha lilivyo. Baada ya kovu hutazama mdomo, kisha uzito, na mwisho nyuzi.

Nyuzi ndizo zilizompa jina, na sasa ndizo zinazomnyima usingizi.

Viti vya mafundi wa kioo vilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Fundi aliviringisha bomba lake la kupulizia kwa upande uleule kila siku, na nyuzi zikazunguka upande mmoja. Mtoto aliyetumia mkono wa kushoto alipigwa vidole mpaka akabadilika. Lakini miaka kumi na miwili iliyopita Drahomíra alianza kuona vyombo vichache ambavyo nyuzi zake zilizunguka kinyume. Akaenda na jembe kuchimba jalala lililo nyuma ya kiwanda cha zamani cha Rautenkranz, akapata vigae vyenye nyuzi za namna hiyohiyo. Akaandika makala. Rautenkranz, alisema, alikuwa na fundi mmoja mkaidi wa mkono wa kushoto, ambaye jina lake limepotea.

Watu walimpenda fundi huyo. Vyombo vyake vikapanda bei. Kimoja kiko kwenye jumba la makumbusho, na kingine kilinunuliwa na Květa Housková, mkunga mstaafu wa Liberec, kwa akiba yake ya uzeeni.

Jumapili iliyopita Drahomíra alimpelekea keki mzee Otakar Zrůbek, rafiki wa marehemu baba yake, ambaye amemwita mjomba tangu utotoni. Mzee ana miaka themanini na minne. Alipuliza kioo katika kiwanda kilekile, baada ya serikali kukichukua, hadi kilipofungwa. Drahomíra alimwachia kitabu cha mnada atazame picha, akaenda jikoni kuchemsha maji ya chai. Akasikia kicheko.

"Hee! Binti, huyu mgeni wa heshima jaladani anafanya nini? Hiki si changu?"

"Chako kivipi, mjomba?"

"Nimekipuliza mimi! Nilimpa Libuše siku ya harusi yake. Yeye hakunitaka, akamtaka yule wa matrekta, lakini zawadi alipokea."

Birika lilikuwa likipiga mluzi na Drahomíra hakuliondoa motoni. Aliyekileta chombo mnadani ni dereva wa trekta, na marehemu mama yake aliitwa Libuše. Mzee hakuwa ameambiwa hilo na mtu yeyote.

Alijaribu kujitetea. Alimwambia mzee kwamba umbo hilo ni la zamani mno kwake.

"Kalibu za mbao za Rautenkranz zilijaa kule darini. Nani angezitupa? Rangi nilichanganya mwenyewe. Kila mtu alikuwa na vitu vyake vya pembeni, zamu ikiisha. Hukumbuki tulivyokuwa tukisema? Asiyeiba kazini anawaibia wanawe."

"Lakini wewe hutumii mkono wa kushoto, mjomba."

"Nani kakwambia natumia?"

"Nyuzi zinazunguka kinyume."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mtoto wa mjini. "Si nilikaa kinyume! Ukikaa kitini vizuri, mlango uko mgongoni kwako. Nyapara angeingia nisimwone. Basi nikageuka, nikaviringisha bomba kwa mkono wa kushoto, jicho mlangoni. Unajua niliharibu vingapi nikijifunza? Vyote nilitupa jalalani."

Huyo ndiye fundi mkaidi ambaye Drahomíra alimpa karne nzima ya heshima: kijana aliyekuwa akiogopa kukamatwa.

"Nilienda kuzima moto wa birika," anasimulia sasa. "Nikakaa pale sakafuni jikoni. Niliwaza: yote niliyoyasema miaka kumi na miwili hii ni uongo, na niliusema kwa sauti ya mtu anayejua."

Hofu haikuwa yake peke yake. Alipomweleza mzee kwamba itabidi jina lake litajwe, kicheko kilikatika.

"Usinitaje, binti. Kile kioo kilikuwa cha serikali."

"Serikali ile haipo tena, mjomba."

"Serikali ipo siku zote. Inabadilisha kofia tu."

Jumatatu aliingia ofisini kwa bosi wake, Radovan Pešina, akafunga mlango na kumwaga yote. Radovan si mtu mbaya. Ana wafanyakazi sita, na mnada huu ndio wa kuwavusha baridi.

"Bi Lejsková, mzee Zrůbek akipiga bia mbili anasema hata kanisa kalijenga yeye."

"Alimtaja Libuše bila kuambiwa, bosi."

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi."

"Basi ni wewe tu." Akasugua macho. "Ukisema, watakuja wote. Wa makumbusho, wa Munich, yule mkunga. Watauliza na mengine uliyoyatambua. Yote. Unaelewa?"

Anaelewa. Ndicho hasa anachokiogopa: si kukosea chombo kimoja, bali kwamba baada ya Jumamosi hakuna atakayemwamini akisema hata kwamba kioo ni kioo. Hajui kazi nyingine.

Jana mzee alipiga simu bila kusalimia. "Nitaje," alisema. "Wakinifunga, angalau jela kuna joto. Kuni zimepanda bei." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba angependa, kabla hajafa, kuona kitu chake kimoja kikiitwa kwa jina lake.

Basi Jumamosi Drahomíra atasimama mbele ya wanunuzi, kabla nyundo haijagonga, na kusema: chombo hiki ni cha Otakar Zrůbek, na yule pale ndiye. Radovan hajakubali wala hajakataa. Drahomíra anatumaini siku moja ataandika makala nyingine, ya mafundi wa vitu vya pembeni, wakati bado wako hai na wanaweza kuulizwa. Hana hakika kama kuna atakayeichapisha.

Lakini wanaostahili kujua kabla ya Jumamosi wapo, na jumba la makumbusho linaweza kungoja hadi mchana. Drahomíra anaketi, anavuta simu, anabonyeza namba ya Liberec. Simu inaita, inaita, kisha sauti ya mwanamke mzee inaitikia kwa furaha, kwa kuwa ameitambua namba yake.

"Bi Květa," anasema Drahomíra. "Ni kuhusu kile chombo chako. Keti kwanza, mama. Na tafadhali, usikate simu."