Kadi Yenye Tundu

Mtu aliyezoea kukaza skrubu ndogo kama punje ya mchanga hupenda kila kitu kiwe kidogo. Huo ndio ulikuwa udhaifu wa Jicho, fundi miwani. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika, maana kutwa nzima alikuwa na lenzi ya kukuzia kaibana kwenye jicho la kulia, na ukimsalimia anakugeukia nayo hivyo hivyo, jicho limekuwa kubwa kama la bundi. Mtoto mgeni hulia, mtu mzima hucheka, na yeye huitikia wote wawili kwa upole.

Kwa miaka ishirini na miwili alikaa chini ya ngazi, mlangoni mwa jengo la maduka: meza moja, droo kumi na mbili, stuli ya mteja. Kibao hakuwa nacho, wala hakukihitaji, kwani mtu hawezi kupanda ngazi ile bila kumpita yeye. Sasa mwenye jengo anaibomoa ngazi. Jumatatu Jicho ahamie jengo la nyuma, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Chumba si kibaya, kina dirisha na mwanga wa kutosha, ila kule hapiti mtu isipokuwa amepotea.

"Wasiponipata Jumatatu, Mama Pacha, ndiyo basi," alimwambia mkewe. "Watakwenda kwingine, na mguu ukishazoea njia nyingine haurudi."

"Basi wape kitu cha kushika mkononi," mkewe akamjibu. "Wenzako wana kadi. Hata yule wa kuzibua mabomba anayo."

Wazo hilo lilimwingia Jicho kama pilipili. Asubuhi ya Ijumaa alichana ukurasa wa kalenda, akaandika nyuma yake yote aliyoyajua: kukaza skrubu, kuchomea fremu, kubadili lenzi, kubadili vile vimto vya puani, kunyoosha mikono ya miwani iliyokaliwa, ushauri bure. Akaongeza njia ya kufika kwake, kona kwa kona, na shukrani kwa wateja wa zamani na wajao.

Mama Pacha akausoma ukurasa hadi chini. "Baba Pacha, hii ni kadi au barua ya posa?"

"Ngoja uione!"

Binti wa chapa, mwenye kibanda cha kompyuta mtaa wa pili, naye alisita. "Mzee, yote haya yaingie kwenye kikadi?"

"Yabane, mwanangu. Mimi nimebana vitu vidogo maisha yangu yote."

Akayabana. Akatoa kadi kumi za majaribio, na Jicho, kwa mazoea tu, akachomoa lenzi mfukoni, akaipachika jichoni na kuinama.

"Lahaula! Tazama herufi zilivyojipanga, kama meno ya kitana! Hata nukta naiona! Chapa, mwanangu, chapa mia tano!"

Binti alifungua mdomo, kisha akaufunga. Kumkatiza mzee aliyefurahi ni kama kumwamsha mtu anayeota harusi yake.

Jicho akarudi na kadi zake kumi, akisalimia hata wasiomsalimia. Mezani alimkuta Mwalimu, bibi mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa, kakaa kwenye stuli na miwani yake vipande viwili ndani ya leso. Jicho alimpa kadi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, wewe ndiye wa kwanza."

Mwalimu akaisogeza puani. Akaipeleka mbali, mkono ukanyooka. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nzuri sana, fundi. Ngumu, tena nyeupe inapendeza."

"Na maneno je?"

"Kwani kuna maneno?"

"Yapo! Upande huo!"

"Haya hapa? Mimi nilidhani sisimizi wanakwenda msibani."

Jicho akacheka, na kicheko kikamkatikia katikati. Akaitoa lenzi jichoni, akaitazama kadi kwa macho matupu, kama alivyomuumba Mungu. Sisimizi! Anayemtafuta fundi miwani ni mtu ambaye saa hiyo hana miwani, na jambo hilo, katika miaka ishirini na miwili, hakuwahi kuliwaza.

"Mia tano!" akapiga kelele. "Mwalimu, nisubiri, usiondoke!"

"Niondoke niende wapi, na mlango wenyewe siuoni?"

Mzee alikimbia. Bisibisi zilikuwa zikilia mfukoni mwa aproni, watu wakampisha wakidhani kuna mwizi, wengine wakatazama nani anakimbizwa. Kibandani mashine ilikuwa imenyamaza.

"Zimekwisha, mzee," binti alisema. "Zote."

Jicho akaketi juu ya boksi la karatasi.

"Nilitaka kukuambia, ila ulikuwa na furaha."

"Siku nyingine niharibie, mwanangu. Furaha nitapata nyingine."

Binti akaokota kadi moja, akaigeuza taratibu. Mgongo wa kadi ulikuwa mweupe, hauna hata alama.

Jicho akaruka kama kijana. "Hapo hapo! Weka namba ya simu, iwe kubwa mpaka ijae. Chini yake: Jicho, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Na mchoro wa miwani iliyovunjika mkono. Basi!"

"Na shukrani kwa wateja wajao?"

"Wakija nitawashukuru mwenyewe."

Alipokuwa akiutazama ule mchoro ukitoka, akakumbuka hila aliyoonyeshwa na bwana aliyemfundisha kazi. Akaomba pini. Akatoboa tundu dogo katikati ya kioo kimoja cha ile miwani ya kuchorwa, kisha huyoo, mbio tena.

Mwalimu aliisoma namba ya simu mkono ukiwa umenyooka, kwa sauti, kama anaita mahudhurio. Jicho akamwongoza hadi juani, akampa ile kadi ya sisimizi.

"Sasa shika hii yenye tundu, isogeze karibu kabisa na jicho. Fumba lingine. Chungulia."

Mwalimu akachungulia. "Kuchomea... fremu... Fundi! Nasoma! Sina miwani na nasoma!"

Watu wakajaa. Kila mmoja akataka kuchungulia, hata wenye macho mazima. Miwani yake ilipokwisha kutengenezwa, Mwalimu aliivaa, akaitia kadi kwenye pochi na kuibana zipu.

"Hii hunipokonyi. Siku nikivunja tena, ndiyo itanileta kwako."

Jumamosi asubuhi Mama Pacha alishika sindano nene, wakatoboa kadi tatu tatu kwa mpigo, wakicheka hadi vidole vikauma. Mchana Jicho akasimama chini ya ngazi yake kwa mara ya mwisho na kuzigawa zote.

Jumatatu alifungua mapema. Akapanga droo, akazipangua, akazipanga upya. Saa tatu kimya. Saa nne kimya. Akajikuna kidevu, akaenda kuchungulia dirishani, akarudi kukaa.

Ndipo akasikia hatua koridoni, za polepole, na kiganja kikipapasa ukuta. Mlango ukasukumwa kidogo. Kwenye uwazi ikajitokeza kadi nyeupe, kwenye kadi tundu, na nyuma ya tundu jicho linalotafuta.

"Ingia, ingia!" Jicho alisimama, stuli ikaanguka. "Inua mguu, pana kizingiti!"

"Bwana, hebu sogea basi," sauti nyingine ikalalamika nyuma koridoni. "Si peke yako uliye na kadi."