Nilitaka kuiangusha albamu laini ya bendi yetu ya heavy metal, nikaleta chatu uwanjani

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa jukwaani na mnaosoma kimya kimya bila akaunti.

Ninachosimulia kimetokea kweli, hapa hapa Katoro, kiangazi kilichopita. Sio chai. Kama kuna mtu alikuwepo uwanjani siku ile na yumo humu, namuomba asiniumbue kabla sijamaliza. Nitajiumbua mwenyewe.

Kwanza nijieleze.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, na zaidi nakarabati makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mke wangu ni Mama Kulwa, tuna mapacha, Kulwa na Doto. Na mimi ni mpenzi wa heavy metal.

Ndio, mmesoma vizuri. Msukuma wa Katoro, heavy metal.

Najua kuna wa kuanza na "huo muziki wa shetani". Punguzeni munkari, Jumapili nasali kama nyie. Ukishinda miaka pembeni ya karasha sikio linazoea chuma kugonga jiwe, muziki mwingine wote unauona kama mtu anapiga miayo. Mara ya kwanza kuusikia ilikuwa kwenye flash aliyoisahau fundi mmoja wa mitambo. Nikaichomeka, nikasikia jitu linaunguruma. Nikasema moyoni, huyu ni mwenzetu kabisa.

Sasa, hapa kwetu kuna bendi ya muziki huo. Inaitwa Karasha. Watu wanne, watu wazima wenye familia zao. Mwimbaji ni Masunga, na huyu ndiye kiini cha uzi huu.

Masunga ni rafiki yangu tangu machimboni. Yeye alikuwa anashuka duarani, lile shimo la dhahabu, mimi niko juu nimeshika kamba yake. Waliopita machimbo wanajua, mtu wa kukushikia kamba humuokoti njiani. Tukaacha machimbo mwaka uleule, mimi nikashika welding, yeye akashika gitaa. Stendi za vyombo vyao zote nimechomelea mimi, na sikumchaji.

Albamu yao ya kwanza waliiita Vumbi. Waliirekodi kwenye chumba kilichopakana na karasha, na karasha lenyewe linafanya kazi. Masunga anaunguruma mwanzo mwisho. Maneno husikii hata moja na hakuna aliyeuliza.

Fans tulikuwa wachache lakini wa damu. Tukafungua grupu la WhatsApp, admin mimi. Tukashona na fulana nyeusi. Fulana nyeusi kwenye jua la Katoro, mnaelewa hayo mateso.

Ikaja albamu ya pili, Kumekucha Salama.

Wakuu, inaanza na kinanda. Kinanda!

Masunga haungurumi tena. Anaimba kwa upole kama mtu aliyetumwa kupeleka posa. Nyuma yake kuna akina mama wa kwaya wanaitikia. Wimbo wa tatu ni wa mapenzi, na ndio ulioshika mji. Bodaboda wanaupiga, saluni wanaupiga, redio wanaupiga. Siku moja narudi nyumbani namkuta Mama Kulwa anapepeta mchele huku anauimba, na maneno anayajua yote. Nikakaa kwenye kigoda.

Grupu likapasuka. Sisi wa Vumbi tukajiita Mawe, wale wa albamu mpya tukawaita Maua. Tulidhani tumewatukana, wao wakalipenda jina.

Kiongozi wa Maua ni Shija, fundi simu. Hoja yake ilikuwa kwamba magitaa bado yapo, tena sasa yanasikika, kwamba mtu hukua, na kwamba kama tunataka kusikia karasha tupu twende tukakae kwenye karasha, ni bure. Sisi tukajibu kwamba bendi sasa ni ya kupiga kwenye kitchen party. Kuna mwanachama alitoka kwenye grupu kwa hasira akarudishwa, akatoka tena, akarudishwa. Mara tatu kwa siku moja.

Na mimi, admin mzima, nikaandika waraka mrefu. Nikasema Masunga amejiuza. Nikasema hana tofauti na muuza dagaa anayewapaka mafuta dagaa wa juzi ili wang'ae. Nikabonyeza kutuma, nikajiona nimeandika.

Masunga alikuwemo kwenye grupu. Alama za bluu zikatokea. Baada ya dakika chache nikaona maandishi yale madogo ya kijivu: Masunga ametoka.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kibandani kwangu ninapochomelea. Mtu ambaye kila asubuhi alikuwa anapita tunakunywa chai. Miezi mitano, wakuu. Tukikutana sokoni anaangalia nyanya. Roho iliniuma sana, ila kiburi nacho si mnakijua? Nikawa nasubiri yeye ndiye aanze.

Ngoja niseme na hili, maana niliahidi ukweli. Wakati naandika ule waraka nilikuwa nimesikiliza nyimbo tatu tu kati ya kumi.

Tuendelee.

Bendi ikapata mwaliko wa kupiga Geita mjini, uwanja mkubwa, mara yao ya kwanza kutoka nje ya Katoro na vijiji vyake. Swali likawa wapige zipi. Muda waliopewa ulitosha albamu moja. Vita kwenye grupu ikawa mbaya mpaka mpiga ngoma wao akasema, jamani sisi ni Wasukuma, mbona hili jambo lina dawa yake.

Kwa msio wa huku: kwetu ngoma mbili zikishindana hazipokezani. Zinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, hii upande huu na ile upande ule. Watu wanakimbilia wanakokuona kutamu. Mwisho, upande wenye watu wengi ndio umeshinda, hakuna rufaa. Babu zetu wamemaliza ugomvi wao hivyo miaka na miaka.

Basi ikakubaliwa. Spika za Vumbi upande mmoja, spika za Kumekucha Salama upande wa pili, bendi yenyewe ikae katikati itazame, pamoja na mwamuzi mwenye vitambaa viwili, cheusi cha Mawe na cheupe cha Maua. Masunga akatuma neno: albamu itakayoshinda ndiyo itapigwa Geita, itakayoshindwa inawekwa kabatini, nyimbo zake hazipigwi tena jukwaani. Zile mpya kumi alizihangaikia zaidi ya mwaka. Akaziweka zote mikononi mwa watu.

Hapo ndipo akili yangu ya kisukuma ilipofanya kazi kupita kiasi.

Kila aliyekulia huku anajua ngoma tupu haishindi. Mshindani wako analeta fisi aliyefungwa kamba, wewe unaleta watu wanaorusha majembe hewani. Lazima uwe na kioja. Nikawaza usiku mzima, asubuhi nikawasha pikipiki mpaka njia ya Masumbwe, kwa mzee mmoja wa Bayeye, wale wanaocheza na nyoka. Tumwite mzee Sayi.

Nikampa shikamoo yake, nikaeleza shida. Akataka kwanza ausikie muziki wenyewe. Nikampigia Vumbi kwenye simu. Akasikiliza wimbo mzima ametulia, halafu akauliza, "Huyu anayelia kafanywa nini?"

Nikamwambia ndio staili yake.

"Sawa," akasema. "Chatu wangu hana masikio, haitamsumbua."

Siku ikafika, Jumamosi alasiri, uwanja wa hapa hapa Katoro. Spika zikafunguliwa pande zote mbili kwa pamoja, kelele yake sijui niifananishe na nini.

Wakuu, tulipigwa vibaya. Dakika kumi za mwanzo uwanja wote uko kwa Maua. Bodaboda, akina mama wa kwaya, wauza mitumba, watu wanacheza vumbi linapanda. Na katikati yao namuona Mama Kulwa na mapacha wangu, kila mmoja kashika mkono wake, wanaruka. Upande wetu tuko sisi wa fulana nyeusi tunatikisa vichwa.

Nikamkonyeza mzee Sayi.

Akafungua gunia taratibu. Chatu akatoka, mzee akamzungusha shingoni, akaanza kucheza.

Mayowe! Uwanja ulihama kama mtu ameinamisha beseni. Waliokuwa wanacheza kwa Maua walikuja mbio na viatu mkononi. Watu wakapanda juu ya pikipiki, juu ya mikokoteni, wengine wakapanda mabegani mwa watu wasiowajua. Kule Maua wakabaki wachache. Mke wangu alikuwa mmoja wao. Alisimama mikono kiunoni, ananiangalia mimi, chatu hana habari naye.

Mwamuzi akainua kitambaa cheusi. Mawe wameshinda!

Wenzangu wakanibeba juu juu. Waliponishusha, mbele yangu alikuwa amesimama Masunga.

Akanipa mkono. Mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Akasema, "Umeshinda, nkoi. Zile mpya tunaziacha."

Basi. Hakununa, hakunisema. Afadhali angenitukana, wallahi. Ameniita nkoi, rafiki, na mimi najua nilichokifanya.

Na hapo hapo mama mmoja mwenye beseni la karanga kichwani akanivuta fulana. "Baba, samahani, hili tangazo la nyoka ni la dawa gani?"

Yaani hakujua kama kuna muziki unashindanishwa. Nikawaangalia na wengine. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasikiliza Vumbi. Nilimwita mwenzangu muuza dagaa wa kupakwa mafuta, na mimi nimeujaza uwanja kwa chatu. Nani hapo ndiye mfanyabiashara?

Nikachukua kipaza sauti. Sikupanga la kusema. Nikasema, "Ndugu zangu, nyie hamjafuata albamu, mmefuata chatu, na chatu nimemleta mimi ili nishinde. Naomba tuhesabu upya bila yeye. Mzee Sayi, wabeja, asante sana, mrudishe tu."

Mzee akamrudisha chatu kwenye gunia, akaaga, akaondoka zake.

Na watu wakaondoka naye! Msafara mzima, mpaka barabarani, wanataka kuona atampakiaje kwenye pikipiki. Uwanja ukabaki mweupe.

Upande wa Mawe tulibaki kumi na moja, na mmoja wetu alikuwa amelala. Upande wa Maua walikuwepo waliokataa kuhama tangu mwanzo, na wengine wakaanza kurudi mmoja mmoja, wanacheza walipoishia. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Mwamuzi akashusha kitambaa cheusi akainua cheupe.

Wenzangu wa Mawe waliniita msaliti. Mmoja akajitoa kwenye grupu palepale amesimama mbele yangu, nikaiona taarifa kwenye simu yangu.

Masunga alikuwa amekaa chini anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu. Nikaenda nikakaa karibu yake kwenye vumbi. Alipomaliza akafuta macho, akaniambia maneno ambayo sitayasahau.

"Baba Kulwa, albamu kusemwa ndiyo kazi yake. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nimesoma kwenye simu, mbele ya watu wote wale, wakati kibanda chako nakiona nikiwa mlangoni kwangu. Ulishindwa nini kuja kuniambia, Masunga, hapa umeharibu?"

Nikamwomba msamaha, kwa kinywa changu, pale pale. Akakubali. Halafu akaniuliza kama niliisikiliza yote. Nikamwambia tatu. Akashika kichwa. "Tatu! Na waraka wote ule?"

Akaninyanyua kwa mkono tukaenda kwake. Mkewe akatuwekea michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga, tukasikiliza zote kumi kwa mpangilio, simu zimezimwa. Na niwaambie ukweli, wimbo wa sita ni mzito kuliko chochote kilichomo kwenye Vumbi. Gitaa lile linakwangua moyo. Nilikuwa nimekaa nao kwenye simu miezi mitano bila kuufungua, mjinga mimi. Wa tisa nao anaimba kuhusu kushuka duarani, na safari hii maneno niliyasikia, nikamwomba aurudishe mwanzo.

Wimbo wa tatu nilimwambia ni uji. Nikamwambia machoni. Akauliza kwa nini, nikaeleza, akabisha, nikabisha, mkewe akaingilia upande wa wimbo, tukabishana mpaka chai ikapoa. Nilirudi nyumbani mwepesi, nacheka peke yangu njiani. Mama Kulwa akaniuliza kama chatu ameniuma akili.

Geita walipiga Kumekucha Salama kama uwanja ulivyoamua. Watu walijaa. Nilikuwepo mbele kabisa na fulana yangu nyeusi, na wimbo wa sita ulipoanza nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Asubuhi yake Masunga alipita kibandani kunywa chai, na mpaka leo anapita.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kuna wanaotaka bendi ibaki ilivyokuwa, kuna wanaofurahi ikibadilika, na wote wanaweza kuwa wanaipenda. Bisheni tu, raha ya muziki ndiyo hiyo. Ila kama mwenye kazi ni rafiki yako, mlango wake unaujua, anza na mlango. Na sikiliza albamu nzima, usiwe kama mimi.

Haya, uwanja ni wenu. Mawe na Maua wote mnakaribishwa, na wewe ambaye bendi yako ililainika utuambie ulichukuliaje. Matusi nitayasoma, nimeshazoea.

Nimeandika uzi huu tangu juzi. Kabla sijaubandika hapa nimeupeleka kwa Masunga, akausoma wote akiwa amekaa kibandani kwangu. Ameniomba nifute sehemu mbili.

Nimezifuta.