Maji ya Chini ya Korona

Juzi niliisahau kamba ya katani ndani ya ndoo ya maji. Nilipoitoa, harufu yake chachu ilinirudisha mtoni, chini ya korona, kile kiwanda cha kuchambua mkonge alikofanya kazi baba.

Asubuhi ile mto ulikuwa wa kijani kwa maji machafu ya korona, mzito, povu limeganda kwenye matete. Samaki walielea midomo wazi. Jirani yetu alikuwa ameshaingia mpaka magotini, anawazoa kwa kanga.

"Shoga, njoo! Kitoweo cha bure hiki!"

Mama alikataa samaki. Maji aliyateka, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akayatia mtungini. Nilimwambia bado yananuka.

"Nayasikia, mwanangu. Kisima kimekauka. Nimnyweshe nini mdogo wako?"

Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alikunywa, na usiku akaanza kuharisha. Kesho yake macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Baba alipombeba kumpeleka zahanati, nilimpa kidole ashike kama kawaida yake. Hakushika. Jioni baba alirudi naye amefunikwa shuka.

Watu walijaa uani. Mimi nilikaa kizingitini nikitazama viatu vyao. Sikulia, sijui kwa nini.

Bibi mmoja wa mtaani, aliyekuja kumwosha mdogo wangu, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, "Maji yako wapi?"

Mama alinyoosha kidole kwenye mtungi. Hatukuwa na mengine.