Mfungo wa Jumatano Kisiwani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani nyanya zenu hawajui kustarehe. Mimi nimezunguka visiwa vya Karibi na marafiki zangu wawili, tena kwa meli yenye ghorofa nyingi kuliko jengo ninaloishi hapa Takoma Park, ughaibuni. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea.

Tulikuwa watatu: mimi, mwenyekiti wa maombi wa kina mama wa kanisa letu, na Mtanzania mmoja Mwislamu wa kule mji wa Falls Church. Sote tumefanya kazi ya kutunza wazee. Unainua mtu, unamwosha, unamlisha, unamwuliza kama amekunywa dawa. Swali hilo tumewauliza watu baki miaka mingi. Sisi kwa sisi hatukuwahi kuulizana. Kwetu bara ugonjwa wa mtu ni wake na Mungu wake.

Kila asubuhi tuliamkia kisiwa kingine. Kwenye kimoja tulikuta sokoni mihogo, ndizi na maembe, Mtanzania akasema, "Nauli yote hii nimekuja kuona kwetu?" Yeye aliogelea. Mimi na mwenyekiti tuliingia majini hadi magotini, tumeshikana mikono.

"Nyie watu wa milimani," akatuambia, "maji hayang'ati."

Jumatano tulishukia kisiwa kidogo chenye kilima. Siku hiyo kina mama wa kanisa letu hufunga, hawali wala hawanywi mpaka jua litue. Mimi nilifikiri likizo ni likizo, lakini mwenyekiti alisema Mungu wa Takoma Park ndiye wa hapa pia. Nikafunga. Mtanzania akala samaki mbele yetu bila huruma.

"Kwetu msafiri ameruhusiwa kula," akasema huku akitoa mwiba mdomoni. "Mgonjwa pia. Nyie nani kawafunga hivi?"

"Hapa hakuna mgonjwa," mwenyekiti akajibu upesi.

Mchana tukapanda kilima kuona mnara wa taa. Njiani mwenyekiti akaanza kuyumba. "Mama wa maombi, umeonja nini?" nikamtania. Nilipomshika mkono, jasho lake lilikuwa baridi. Akaketi chini barabarani, akaniita mama, kana kwamba ndimi niliyemzaa. Wazee wengi nimewaona wakiwa hivyo, nikajua.

"Una sukari?"

Akatikisa kichwa kukataa. Mtanzania hakungoja, alifungua mkoba wa mwenyekiti akatoa kichupa cha vidonge.

"Anayo. Na bila shaka asubuhi kameza hivi na tumbo tupu."

Mwanamke aliyekuwa akiuza vinywaji hapo kando alituletea soda ya machungwa. Nikamwekea mdomoni, akaufumba.

"Jua halijatua," akanong'ona.

"Kunywa. Ukifa hapa nitawaambia nini watoto wako?"

Akanywa kidogo kidogo mpaka macho yake yakaturudia. Ndipo akalia. Lakini si kifo kilichomliza.

"Msiseme kanisani. Nimewaombea wangapi wenye sukari? Watasema mwenyekiti hana imani."

"Utasema mwenyewe," nikamwambia. "Jumatano ijayo ukifunga, nitasimama niseme mimi."

Visiwa vilivyobaki tuliviona tukiwa tumekaa kivulini. Alikuwa amenikasirikia, lakini alikula.

Jumapili tuliporudi, alisema. Alisema jikoni mwa kanisa, ametugeuzia mgongo, anasugua sufuria. Mmoja akauliza kama amewahi kuanguka, mwingine akampokea sufuria. Bado ndiye mwenyekiti.

Jioni hiyo nikawasimulia watu wa nyumbani kwangu. Mwanangu, ambaye naye hufunga Jumatano pamoja nami, ingawa mfungo ni wa kina mama, na kuendesha gari hadi kazini Arlington, akaweka uma chini.

"Mum, mimi nina presha. Nimeanza dawa."

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Kabla ya Krismasi."

Mkewe alikuwa hajui. Mjukuu wangu akauliza kwa Kizungu kwa nini baba alificha.

Nikawaambia, "Kesho asubuhi kila mtu alete dawa zake hapa mezani, na azimeze tukimwona. Mwenye dawa hafungi katika nyumba hii mpaka daktari wake aseme. Sasa wewe mwanangu, chukua uma umalize chakula chako."