Cheti nilikitundika ukutani, dawa nikaiacha dirishani

Wakuu, za saa hizi. Hili nimelibeba miaka mingi, leo nalitua hapa kama lilivyokuwa, bila chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, zahanati za watu binafsi zinafunguliwa kila kona. Mimi tabibu kijana, in-charge, yaani msimamizi, wa zahanati moja upande wa Maji ya Chai. Akina mama wa kujifungua walikuwa mikononi mwa nesi Anaeli, mama wa Kimeru, mpole, mchapakazi haswa.

Semina ikija anaenda in-charge. Ndiyo ilikuwa desturi. Anaeli hakuwahi kwenda hata moja.

Nikaenda mjini siku tatu. Tukafundishwa kwamba sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua ikikaa kwenye joto na mwanga inaisha nguvu. Ikae kwenye friji, gizani. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari.

Nikarudi na cheti, nikakitafutia msumari.

"Hongera dokta. Wamewafundisha nini huko?" Anaeli akauliza.

"Mengi dada. Nitakusimulia."

Sikusimulia. Si roho mbaya wakuu, niliona tu semina imeisha. Na boksi la zile sindano likabaki palepale, dirishani kwenye chumba cha kujifungulia, linapigwa na jua kila asubuhi. Friji tulikuwa nayo. Ya soda za wageni wa bosi mwenye zahanati!

Wiki chache baadaye akaja Mama Neema, mkulima wa kahawa huko juu mlimani, mimba ya pili. Mtoto alitoka salama, ila damu ikagoma kukata. Anaeli akachoma sindano, akachoma ya pili. Nilipoingia macho yakaenda dirishani, kwenye lile boksi.

Tukampakia kwenye pick-up ya jirani kukimbilia hospitali. Alikata roho hata Tengeru hatujafika.

Kesho yake Anaeli analia: "Dokta, nilikosea wapi?"

Nikampa daftari langu. Akasoma ule mstari, akarudia.

"Si ungeniambia tu."

Akaenda kwenye friji, akaanza kutoa soda mojamoja.

Cheti nilikishusha siku ileile. Mpaka nastaafu, nikitoka semina nilianza kwa kuwaita wote, hadi mfagizi, na hatuachani mpaka kitu kimoja kibadilike wodini. Naumia bado. Neema na mdogo wake wamelelewa na bibi yao.

Mlioko kwenye afya, semina yako ya mwisho, nani kazini kwako anajua ulichofundishwa? Nasoma majibu yenu.