Uzi wa Kumi na Tano

Hebu mwone kwanza anavyoingia. Ni Jumamosi, jua limeshapunguza makali, watu wamejaa kwenye ngazi za saruji za uwanja wa shule, na pale langoni anatokea mwanamke mnene wa makamo, mto wa kukalia kwapani, tepu ya kupimia bado iko shingoni kama mtu aliyetoka kazini mbiombio. Kifuani, kwenye utepe mwekundu, amening'iniza mkasi. Mlinzi wa lango, ambaye huwanyang'anya watu hata chupa za maji, anautazama mkasi, anamtazama mwenyewe, kisha anasogea pembeni. Watu wanampisha. Anafika safu ya mbele kabisa, nyuma ya benchi la wachezaji, anatandika mto wake, na kabla hajakaa sawasawa wanaume wawili wameshaanza kubishana juu ya kichwa chake, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Huyo ndiye Mama Namba. Ili ujue kwa nini amekuja na mkasi kwenye mpira wa kikapu, itabidi turudi nyuma kidogo, tuingie dukani kwake.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa mstari wa chaki sakafuni. Upande wa dirisha ni wa Mama Namba: cherehani, meza ya kukatia, kapu la vitambaa. Upande wa mlango ni wa fundi saa, mwanamume mwembamba mwenye miwani minene, ambaye saa zake za ukutani hazijawahi kukubaliana hata siku moja. Ukimuuliza saa ngapi, anachomoa simu mfukoni. Katika chumba hicho ndimo mashabiki wa Korongo, timu ya mtaa, wanamokutana kuzungumza, yaani kugombana.

Mama Namba ndiye anayeshona namba kwenye jezi za Korongo tangu timu inachezea mpira uliovujisha upepo. Na ana desturi yake. Kila msimu unapokaribia kuanza, akimaliza kushona namba huacha ncha ya mwisho ya uzi ikining'inia mgongoni mwa jezi. Mashabiki wanakuja dukani, wanakata. Ukikata uzi wa mchezaji, huyo ni wako msimu mzima. Akifunga, unapewa hongera wewe kabla yake. Akiboronga, unachekwa wewe, iwe sokoni, iwe kwenye foleni ya benki, iwe msibani. Kuna mwalimu mmoja alibadilisha njia ya kwenda kazini kwa sababu mchezaji wake alikosa mitupo huru katika nusu fainali, na mpaka leo anapitia nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Enzi zile za fainali, mkasi uligombewa. Korongo walifika fainali miaka mitatu mfululizo, kombe wakalibeba mara moja, na siku ya kukata uzi watu walijipanga hadi nje. Lakini uzi wa saba haukuguswa na mtu. Saba ilikuwa ya nahodha, mtu mfupi aliyeitwa Dira kwa sababu akishika mpira wenzake wote walijua waende wapi. Uzi wake aliukata Mama Namba mwenyewe, kila mwaka, kisha akaenda kutembea mtaani bila sababu yoyote, apokee hongera zake.

Halafu mambo yakaenda mrama. Walipopoteza fainali ya mwisho, mfadhili alijitoa. Kocha akafuata. Wachezaji wakaanza kuchomoka mmoja mmoja kama vifungo vya shati la mitumba. Msimu uliopita Korongo walishika nafasi ya pili kutoka mkiani, na waliokuwa chini yao ni chuo cha uuguzi, tena hao walikuwa na mitihani. Mwishowe Dira naye, magoti yakimlia, akavuka barabara kuu akajiunga na timu ya upande wa pili, ile ile waliyokuwa wakiifunga.

Sasa basi, asubuhi moja meneja wa timu alileta mfuko wa jezi zote. Pesa za kununua mpya hakuna, kwa hiyo za walioondoka zifumuliwe namba, zishonwe za wageni. Mama Namba alipokea, akaziweka mezani, na ile ya saba akaisukuma chini kabisa.

Mjadala wa siku hiyo ulianza kabla hajatunga sindano. Fundi saa alikuwa upande wa kujenga upya. Alisema timu ni kama saa: springi ikichoka unaifungua yote, unaweka vifaa vipya, unasubiri ishike majira, na Dira alipaswa kuuzwa zamani, akiwa bado na magoti. Aliyempinga ni muuza gesi, jitu la mabega mapana lililokua pamoja na mume wa Mama Namba na kwa hiyo humwita shemeji. Yeye alisema mtungi ukiisha hutupi mtungi, unajaza; warudishwe wakongwe wote, Dira akiwa wa kwanza. Fundi saa akauliza goti linajazwa gesi ya aina gani. Muuza gesi naye akataka aonyeshwe saa moja tu, humo chumbani, iliyowahi kushika majira.

Mume wa Mama Namba, seremala, alikuwa amepita kuchukua penseli yake. Wakamtaka aamue.

“Kwani bado wanacheza?” akauliza.

Walimgeukia wote wawili kwa ukali, na hiyo ndiyo mara pekee wiki ile walipokubaliana jambo.

Mama Namba alikuwa katikati yao, mkono unafumua, mdomo unajibu. Moyo wake ulikuwa kwa muuza gesi, ila akili ilimwambia fundi saa hajakosea, na mtu akiwa hivyo hukasirikia pande zote mbili. Alipotupa jicho mezani, akakuta amekwisha kubandua nusu ya kumi na moja. Kumi na moja ni Ukuta, mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, nguzo pekee iliyobaki, na hajaenda popote. Mkono ulikuwa umekwepa ile jezi ya saba, ukavuta iliyo karibu.

Angewahi kuirudishia kimya kimya, muuza gesi asingejua. Lakini muuza gesi alishaiona. Na mtaani kwao namba ikifumuliwa, maana yake mtu ameuzwa. Alitoka bila kuaga, akapanda pikipiki yake, na kila nyumba aliyopeleka mtungi aliacha na habari.

Mchana haujapita, Ukuta akafika dukani. Mwanamume mkubwa kama kabati la nguo, macho mekundu, amesimama nyuma ya mama yake, mwanamke mdogo aliyekuwa bado na aproni ya jikoni.

“Mmemuuza mwanangu,” mama akasema, “na mimi nimesikia kwa mtu wa gesi.”

Ilibidi Mama Namba aishone kumi na moja upya mbele yao, huku akiapa kwa kila kilichomo chumbani. Mama wa Ukuta hakutosheka mpaka fundi saa alipochukua mkasi akakata uzi palepale, jezi ya Ukuta ikawa na mwenyewe. Ukuta akapangusa pua. Wakaondoka.

Meneja alipofika alikuwa ameshapokea simu nyingi kuliko siku ya kombe. Aliichimbua jezi ya saba kutoka chini ya rundo, akaitandaza mezani.

“Mama Namba, ni hii. Fumua saba, weka kumi na tano. Kuna kijana mpya.”

Muuza gesi, aliyekuwa amerudi akijifanya anatafuta kofia, alipinga. Alisema jezi ile ni ya kutundikwa ukutani, kwa heshima. Meneja akamuuliza ukuta upi. Uwanja ni wa shule, chumba cha kubadilishia nguo ni cha kuazima, na ofisi yake yeye meneja ni buti la gari. Muuza gesi akatazama ukuta wa fundi saa. Fundi saa akasema hakuna nafasi.

Visingizio vya Mama Namba vilianza hapo. Kwanza mkanda wa cherehani umelegea. Kisha uzi wa rangi ile haupo dukani. Kisha mkono unauma, mkono huohuo ambao jioni yake ulikanda kilo nzima ya unga wa maandazi. Mumewe alimtazama, akasema tu kwamba mlango unaobana huwa anauranda, haulilii. Akaambiwa ale anyamaze.

Siku iliyofuata kijana mwenyewe akaja kupimwa. Walijua amefika kwa sababu waliusikia mlio: paji la uso liligongana na fremu ya mlango, saa tatu ukutani zikasimama, na moja iliyokuwa imekufa ikaanza kwenda. Alikuwa mwembamba na mrefu kupita kiasi. Muuza gesi alimtazama kutoka chini mpaka juu, safari ndefu, akamwita Mwanzi, kwa maana ya kuwa mrefu na mtupu ndani. Jina likamganda.

Mwanzi alimwamkia kila mtu, hata muuza gesi. Mama Namba ilibidi apande kigoda ili afikie bega. Akamvalisha jezi ya saba, na jezi ikaishia kitovuni. Hata fundi saa, mtetezi wa vifaa vipya, aligeukia dirisha ili asicheke.

“Mama,” kijana akasema polepole, “nikivaa hii watanizomea?”

“Watakuzomea.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka ufunge.”

Akafikiri kidogo. Akasema ile fainali ya mwisho aliitazama akiwa juu ya ukuta wa shule, kwa kuwa hakuwa na tiketi, na Dira alipokosa ule mtupo wa mwisho, yeye huko juu alishika kichwa kwa mikono miwili, akasahau kwamba mikono ndiyo iliyokuwa imeushikilia ukuta. Akakunja suruali, akaonyesha kovu. Muuza gesi, ambaye siku ile hakulala wala hakuuza gesi, alikohoa akaenda nje kuitazama pikipiki.

Kijana alipoondoka, Mama Namba aliketi na kile kichuma chake cha kufumulia, akaitoa saba. Akakuta jambo ambalo mshonaji mwenye akili timamu angelitarajia: jezi ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni, ila pale ilipokuwa namba kitambaa kilibaki buluu iliyoiva. Kwa hiyo saba ilitoka, saba ikabaki. Akashona kumi na tano juu yake, na saba bado ilichungulia katikati ya moja na tano. Chini aliongeza kipande cha pazia lake la dirishani, maana hakuna kitambaa kingine kilichokaribia rangi ile. Tangu siku hiyo jua humpiga fundi saa machoni kila alasiri, na yeye huhesabu hiyo kuwa gharama ya kujenga upya.

Jioni ya kukata uzi ikafika. Walikuja wachache. Jezi moja moja zikapata wenyewe, kwa kubembelezana. Ilipobaki kumi na tano, zikasikika saa tu, kila moja na lake.

“Fundi,” akasema muuza gesi akimnyooshea mkasi, “si wewe mwenye vifaa vipya? Kata.”

Fundi saa akavua miwani, akaifuta, akasema yeye tayari ana Ukuta, na mtu mmoja habebi wachezaji wawili. Ukweli ni kwamba alikuwa akihubiri subira ya watu wengine. Akamrudishia muuza gesi mkasi. Huyo akasema yeye ni mtu wa msimamo, asiyemrudisha Dira asimletee mwanzi. Kisha wote wakamtazama Mama Namba.

Yeye mkasi aliushika. Akaufungua. Akaona ile buluu ya saba inayochungulia, na ikamjia kwamba akikata, basi yale matembezi yake ya mtaani yamekwisha, na Dira ameondoka kweli. Akaufunga. Akasema watu waende, amechoka. Jezi ikapelekwa kwa meneja na uzi wake unaning'inia.

Ndiyo maana Jumamosi hii kaja na mkasi. Amejiambia ni kwa dharura tu, mshono ukifumuka.

Robo ya kwanza Mwanzi alikaa benchi. Ya pili akaingizwa, na uwanja mzima ukauona uzi. Alikimbia, uzi ukakimbia nyuma yake. Watu walimzomea, wengine wakamwita Dira kwa kejeli, wengine wakamwambia arudishe pazia. Beki wa wapinzani alipomkaba, kidole kilinasa, uzi ukafunguka mpaka magotini, na pembe ya ile tano ikaanza kubanduka. Meneja akaomba muda. Wachezaji wakaja benchi.

Kijana hakwenda kwa meneja. Alikuja moja kwa moja kwenye safu ya mbele, akageuza mgongo, akapiga magoti ili afikiwe.

“Mama, samahani. Kuna uzi.”

Mama Namba alimtazama fundi saa kulia kwake. Fundi saa alikuwa akitafuta kitu angani. Akamtazama muuza gesi kushoto. Muuza gesi alikuwa akifunga kamba za viatu, naye alivaa makubazi. Basi akatoa sindano kwenye ukosi, akaibana ile pembe kwa mishono ya haraka, akapiga fundo. Kisha akashika mkasi, na mbele ya ngazi nzima, akakata.

Kijana akainuka, akarudi uwanjani, akapewa mpira akiwa peke yake, hana mtu mbele yake, mahali ambapo hata seremala angefunga. Akarusha. Mpira haukugusa ubao, haukugusa chuma. Uliruka ukuta wa shule, ukaenda zake barabarani.

Muuza gesi alimaliza kufunga kamba zisizokuwapo. Akanyooka, akajipangusa mikono, akamgeukia Mama Namba na tabasamu alilokuwa amelihifadhi tangu enzi za Dira.

“Shemeji,” akasema kwa upole mkubwa, “mchezaji wako huyo.”

Mama Namba alikuwa bado ameshika kile kipande cha uzi. Uwanjani kijana amesimama, amekishika kichwa kwa mikono miwili, anamtazama yeye. Safu nzima imegeuka kumsikiliza, na msimu ndio kwanza umeanza. Ungekuwa wewe umekalia mto ule, ungemjibu nini?